Fundi wa Mlango Mzima

"Ulikubali mwenyewe, Mama! Hakuna aliyekushika mkono."

"Nilikubali, na sijakataa. Nimesema subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Lori liko nje. Wageni wanafika mchana huu. Chumba namba moja kina fagio tu ndani yake!"

"Fagio nalo ni kifaa cha kazi."

Binti yangu alifumba macho. Huwa anafanya hivyo anapotaka kunijibu vibaya kisha akakumbuka ni nani aliyemzaa. Alikuwa amesimama katikati ya banda langu kwa viatu vya ofisini, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu, beji ya manispaa inaning'inia shingoni. Beji hiyo inasema yeye ni afisa wa maendeleo ya biashara. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake na spana mkononi, kando ya mashine yangu ya kuranda mbao. Bolti zilizoishikilia sakafuni nilikuwa nimeshazifungua zote isipokuwa moja. Hiyo moja ndiyo tuliyokuwa tunaigombania.

Dereva wa lori alichungulia mlangoni. "Mama, tunapakia au mnaendelea na mkutano?"

"Kaa kwenye lori lako."

"Lori langu lina jua."

"Basi kaa chini yake."

Akacheka, akarudi nje. Binti yangu hakucheka.

"Nimewaambia watu wote kwamba mashine ya kwanza kunguruma kwenye lile jengo jipya la mafundi la manispaa itakuwa ya mama yangu," alisema. "Mkurugenzi anajua. Wageni wanajua. Isiponguruma leo, chumba anapewa mtu mwingine kesho, na mimi nitaitwa afisa aliyeshindwa kumhamisha hata mama yake."

Nilimsikia. Mimi si mtu wa kulialia kwa sababu ya banda. Banda hili halina historia, lina panya. Paa linavuja, umeme unakatika mbao ikiwa nusu ndani ya mashine, na lori likiingia mtaani kwetu halipati pa kugeuzia, linatoka kinyumenyume huku watoto wanalipigia miluzi. Nina stashahada ya usimamizi wa biashara. Niliisomea huyu binti akiwa mgongoni, kwa hiyo sihitaji mtu wa kunieleza maana ya soko.

Na soko lipo. Mji wetu ni mdogo, lakini unakua kama kijana anayerefuka ghafla, suruali zote zikamfupia ndani ya muhula mmoja. Barabara ya mzunguko imepita, chuo kimekuja, na kila upande unaotazama unaona kuta mpya zenye mashimo yanayosubiri milango. Mkandarasi wa mabweni ya chuo alikuja hapa mwenyewe kuangalia kazi zetu. Gari lake lilikwama kwenye kona. Alipofika kwa miguu, umeme ukakatika mbele ya macho yake. Alijipangusa vumbi la mbao kwenye shati, akasema atarudi. Milango ya mabweni ililetwa ndani ya maboksi kutoka mbali, myepesi kama biskuti. Ukiifunga kwa hasira, inabaki na alama ya mkono wako. Tangu siku hiyo nilisema, manispaa ikijenga mahali pazuri, nahama. Sikuhitaji kubembelezwa.

Tatizo halikuwa kuhama. Tatizo lilikuwa kwamba mimi siwezi kutengeneza mlango.

Nieleze vizuri. Safu yetu ina mabanda matatu. La kwanza ni langu: mbao inaingia imepinda na ina magamba, inatoka imenyooka na ni laini. La pili ni la shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye kila mtu anamwita Patasi. Yeye anatoboa, anachonga ndimi za kuingia kwenye matundu, anaunga, na akiunga amekwisha kuunga. Mlango wake unaweza kuuangusha kutoka juu ya nyumba. La tatu ni la shoga yangu Vanishi, anayepiga msasa na kupaka mpaka mbao iwe na uso wa kujitazamia. Mlango unazaliwa kwangu, unakulia kwa Patasi, unaolewa kutoka kwa Vanishi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutengeneza peke yake.

Mwenye mashine ni mimi, na swichi yake ina kisanduku chenye kufuli. Kufuli hilo nalifunga nikienda kula, nikienda benki, hata nikienda msalani, kwa sababu kidole kikikatwa na mashine yangu, kesi ni yangu. Ufunguo uko shingoni mwangu kwenye kamba ya kiatu. Patasi ana utani wake wa siku zote: "Mama Randa akienda kujisaidia, mji mzima unakosa milango." Watu wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

"Unajua vizuri jinsi tunavyofanya kazi," nilimwambia binti yangu. "Umekulia kwenye haya maranda. Umelala humu ndani kwenye boksi la gundi. Kwa nini mlijenga vyumba vya mtu mmojammoja?"

"Kwa sababu ndivyo mlivyosema!"

"Nani alisema?"

"Nyinyi wote! Nilikuja hapa na bosi wangu tukauliza banda kwa banda. Tukamwuliza baba mdogo, unatengeneza nini? Akasema milango. Unaitengeneza kuanzia mwanzo hadi mwisho? Akavimba kifua, 'Mwanzo hadi mwisho!' Mama mdogo Vanishi, mwanzo hadi mwisho. Tukafika kwako." Akaninyooshea kidole, kisha akakikunja kwa adabu. "Na wewe, Mama. Nilikuwa nimesimama hapahapa."

Kweli nilisema. Mtu mgeni, mwenye suti, anasimama mlangoni kwako na kukuuliza kama wewe ni fundi kamili au nusu fundi, na jirani yako ameshajibu kwamba yeye ni kamili. Utasema nini? Kwamba yeye ni mzima na wewe ni kipande? Patasi hangeweza kusema kwamba bila shemeji yake hana hata ubao ulionyooka. Vanishi hangeweza kusema kwamba kazi yake ni kupaka vitu vya watu. Na mimi sikuwa tayari kuwa wa kwanza.

"Sasa wewe ulijua," nikasema. "Ungemwambia bosi wako."

"Nimwambie nini? 'Bosi, usimsikilize baba yangu mdogo, anadanganya'? Mbele yake? 'Na huyu mama yangu naye anadanganya'? Ungenifanya nini jioni ile?"

Jioni ile pengine asingekula.

Basi wakajenga kama tulivyojieleza. Vyumba vikubwa, kila kimoja kwa fundi mmoja anayefanya kila kitu, na sharti lake ni fupi: chumba kimoja, biashara moja, bidhaa kamili. Wakaguzi walipopita mara ya pili kutazama vifaa, Patasi alikuwa na patasi, nyundo na tindo, Vanishi alikuwa na brashi na kikohozi. Wakakatwa kwenye orodha. Mimi nilikuwa na mashine kubwa ya umeme, nikapewa chumba namba moja. Tangu siku hiyo Patasi amekuwa akinisalimia kama mtu anayelipia salamu.

Jana nilikwenda kule peke yangu nikafungua chumba changu. Sakafu ya saruji, laini, kavu. Umeme wa uhakika. Harufu ya rangi mpya. Nilijikohoza, sauti ikazunguka kuta zote ikanirudia. Nilisimama pale mashine itakapokaa, nikatazama upande wa kulia, pale mbao zikitoka kwenye mashine huwa kuna mtu ananyoosha mikono kuzipokea. Kulikuwa na ukuta. Nikajiuliza mlango wa kwanza utatokea wapi. Ningeranda mbao, nizirundike. Kisha nizipakie kwenye lori, zirudi huku kwa Patasi, zipite kwa Vanishi, zipakiwe tena ziende kule zikauzwe. Faida yote ingekwenda kwa huyu dereva anayelalamikia jua. Nilifunga chumba nikaondoka, na usiku sikumwambia mtu kitu, maana mume wangu ni dereva wa safari za mbali na akiwa nyumbani ni mgeni mwema tu. Humchoshi na mambo ya mbao.

"Sogeeni, mbao zinapita," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Patasi, bega moja lina mbao nne za fremu, kama asubuhi nyingine yoyote. Aliziegemeza ukutani mahali pake pa kawaida. Akatazama bolti zilizolala sakafuni. Akamtazama binti yangu. Akatazama paa.

"Shikamoo, baba mdogo," binti yangu alisema.

"Marahaba, mheshimiwa. Nimekuja kurandisha."

"Mashine imefunguliwa, shemeji," nikasema. "Unaiona."

"Naiona. Nimezoea tu. Miguu imenileta yenyewe." Akazichukua mbao zake tena, moja moja, polepole, ili tuumie vizuri. "Hamna shida. Nina randa yangu."

"Ipi?"

"Ya mkono."

Alitoka. Vanishi, aliyekuwa amefuata kelele na brashi bado mkononi, alimpisha kisha akaniinulia nyusi. "Randa ya mkono ile ya babu yao? Si ndiyo wanayozuilia dirisha upepo usilipige?"

Ndiyo hiyohiyo. Patasi aliweka ubao kwenye benchi lake nje, palepale mbele ya lori, akaanza kuranda kwa mkono huku sote tunamwona. Alisukuma. Randa ikaruka kwenye fundo la mti. Akasukuma tena, shati likaanza kushikana na mgongo. Dereva akashuka kumtazama.

"Fundi, huo mlango ni wa mjukuu wako?"

"Wa mkweo," alijibu Patasi bila kuinua kichwa, akaendelea kusukuma.

Ninamjua shemeji yangu. Ana kichwa kigumu kuliko mbao zake, na mchana lazima alale hata kama mteja amesimama juu yake. Lakini mikono yake haijawahi kuniletea aibu kwa mteja. Nilimtazama akivuja jasho juu ya ubao mmoja ambao mashine yangu ingeumeza na kuutema kabla hajamaliza kunitania, na nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona jana kwenye chumba kitupu. Anajifanya fundi kamili. Na mimi, nikihamia kule, nitakuwa ninajifanya vilevile, ila kwa umeme wa uhakika.

"Niambie tena," nilimwuliza binti yangu. "Kile chumba kilipimwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa karakana kamili ya milango. Mama, tumeshalizungumza hili."

"Kuna nini ndani?"

Akahesabu kwa vidole kwa uchovu. "Kuna sehemu ya mashine. Kuna sehemu ya kuungia. Kuna kona ya kupaka, yenye feni ukutani ya kutoa harufu."

"Ina feni?" Vanishi aliuliza.

"Kubwa, mama mdogo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

Vanishi alikohoa, kile kikohozi chake cha miaka yote, akaweka brashi mfukoni. "Mimi nahama," akasema. "Sijui kwa njia gani, lakini mimi nahama."

"Haiwezekani, mama mdogo. Mama akiwaingiza ndani, atakuwa amewapangisha. Ni marufuku. Atanyang'anywa chumba, na mimi ndiye nitakayetumwa kumtoa."

"Siwapangishi," nikasema. "Sharti linasema biashara moja. Basi tuwe biashara moja. Walijenga chumba cha fundi wa mlango mzima. Fundi huyo yupo. Ana vichwa vitatu."

Randa nje ilinyamaza. Patasi alikuwa anasikiliza, na hakuwa na haja ya kujificha, banda lenyewe lina ukuta wa mabati. Aliingia akijipangusa uso kwa kiwiko.

"Kwa hiyo niwe kibarua wa mke wa kaka yangu."

"Nani kasema kibarua?"

"Kwenye kibao cha nje pataandikwa jina la nani?"

"La yeyote. Lako ukitaka. Andika Patasi kwa herufi kubwa mpaka zigome kuenea."

"Na mteja akiuliza mwenye mali?"

"Utamjibu ni sisi."

"Mm." Akanitazama shingoni. "Na kufuli?"

Mkono wangu ukaenda shingoni wenyewe, ukaushika ufunguo.

Binti yangu alitujibia sote. Alijibu kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani, taratibu na bila kupepesa. "Baba mdogo ameuliza swali lenyewe, Mama. Mashine ikibaki yako na wao wakaitumia, huko ni kupangisha kwa jina jingine. Ikiwa ni biashara moja, mashine ni ya biashara. Nayo itaandikishwa hivyo. Siku mkigombana, huibebi ukaondoka nayo. Na ndani ya saa za kazi, yeyote kati yenu anaiwasha."

"Nakujua unavyoipenda," aliongeza, sauti imerudi kuwa ya mtoto wangu. "Ndiyo maana sikuwahi kulileta wazo hilo kwako."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Nilisema nataka kufikiri, wakaniacha nifikiri, isipokuwa dereva aliyepiga honi.

Mashine hii niliinunua kwa kiwanja. Baba yangu alinipa kiwanja, dada zangu wakajenga kwenye vyao, mimi changu nikakiuza nikaleta chuma hiki mtaani, na familia nzima ikasema nimerogwa. Nimebadilisha visu vyake kwa mikono yangu. Najua kwa sauti tu ubao ukiwa na msumari ndani. Kwa miaka mingi watu wa mtaa huu wamesimama mlangoni kwangu wakisubiri nitoe ufunguo shingoni, na nisiposema kwamba nilifurahia kusubiriwa nitakuwa naanza tena ule mchezo wa mwanzo hadi mwisho. Sipendi kugawana vitu na watu. Mtu akiweka kitu mahali pasipo pake, siku yangu inaharibika. Vanishi ataleta umbea, Patasi atalala chini ya mashine mchana, na mimi sitaweza kumfukuza mtu.

Lakini nilijaribu kuifikiria mashine ile peke yake kule, juu ya saruji safi, inanguruma mbele ya wageni. Wageni wangepiga makofi. Kisha wangeuliza, mlango uko wapi?

Na nilimfikiria huyu mtoto. Kama nisingekuwa mwepesi wa kumnyamazisha, pengine siku ile angefungua mdomo, na jengo lingekuwa na kuta chache. Nililea mwana mwenye adabu, adabu hiyo ikatujengea vyumba visivyotufaa.

"Mpigie bosi wako," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kile ambacho hukumwambia."

Alimtazama baba yake mdogo. Patasi alijifanya anachomoa kijiti cha mbao kidoleni. Binti yangu aliweka simu sikioni, akageukia ukuta, kisha, nikaona, akajilazimisha kutugeukia.

"Bosi, samahani. Kuhusu chumba namba moja... Hapana, lori lipo. Ni kuhusu mafundi wenyewe. Taarifa tuliyochukua siku ile haikuwa sahihi... Hakuna hata mmoja anayetengeneza mlango mzima." Akaishika beji yake. "Baba yangu mdogo anaunga tu. Ndiyo, alisema vile. Hapana, si kweli... Ndiyo. Na mama yangu pia. Anaranda tu... Niliandika walivyosema, na nilijua sivyo."

Tulisikia sauti ndogo ya mwanaume ndani ya simu, kisha hatukusikia kitu, kisha tukaisikia tena. Binti yangu alieleza habari ya biashara moja, ya watu watatu na mashine ya pamoja. Alisema "ndiyo" mara nyingi, akashusha simu.

"Anasema kikundi kinaruhusiwa, mradi mashine iwe ya kikundi na majina matatu yaandikishwe ofisini kwangu leo, kabla wageni hawajafika. Na kesho asubuhi nikamweleze vizuri kuhusu vyumba vingine."

"Amekasirika?"

"Alinyamaza kwanza."

"Hiyo mbaya," Vanishi alisema.

"Nitaenda tu. Bora nimweleze mimi kuliko avione mwenyewe." Akamgeukia Patasi, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Baba mdogo, unisamehe. Nimekuvunjia heshima."

Patasi alitoa kile kijiti ambacho hakikuwepo. "Uongo hujasema," alikubali hatimaye. "Ila ungemwambia naunga vizuri."

"Kesho nitamwambia unaunga kuliko mtu yeyote mjini."

"Mwambie na nje ya mji."

Wote wakawa wananitazama mimi, hata mimi mwenyewe nikajitazama. Maana yale yote yalikuwa maneno ya simu. Bolti moja ilikuwa bado sakafuni, na kamba ya kiatu ilikuwa bado shingoni.

Niliinuka. "Dereva!" nikaita. "Leta watu wako na yale mabomba ya kuviringishia. Na ushushe bei kidogo, maana mzigo umeongezeka na umetuchelewesha na honi yako."

"Mzigo ukiongezeka bei inapanda, mama!"

"Hiyo hesabu ya wapi? Leta mabomba."

Nikapiga magoti, nikaweka spana kwenye bolti ya mwisho. Ilikuwa imeshika kutu kwa sababu paa linavuja hapohapo juu yake. Patasi alichuchumaa upande wa pili akashika mpini pamoja nami. Tulivuta. Ikalia kama mbuzi, ikaachia, sote tukaangukia maranda, na Vanishi akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Tuliiviringisha mashine nje juu ya mabomba, mimi mbele nikiwakemea wapakiaji, Patasi nyuma akiwakemea kinyume na ninavyowakemea mimi. Ikapanda lorini. Benchi la Patasi likafuata, kisha makopo na turubai za Vanishi, kisha mbao nne za fremu, ikiwemo ile moja iliyorandwa nusu kwa mkono. Vanishi alikwenda kukaa mbele na binti yangu. Patasi alisema yeye atakaa nyuma ashikilie mashine, kwa sababu dereva huyu ana sura ya mtu anayependa mashimo.

Mlango wa nyuma wa lori ulikuwa na komeo bovu. Dereva alileta kipande cha kamba aufunge.

"Mashine yetu kwa hiyo kamba?" nilimwuliza. "Ondoa."

Nikavua kamba ya kiatu shingoni. Nikapanda, nikafungua kufuli kwenye kisanduku cha swichi, nikashuka nalo. Nilifunga mlango wa lori kwa kufuli hilo, nikavuta mara mbili kuhakikisha. Limeshika. Kisha nikapitisha ufunguo juu ya bodi ya lori, nikamwekea Patasi mkononi pamoja na kamba yake.

"Wa nini huu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Tukifika, wewe ndiye utakayefungua. Ukisinzia njiani, itabidi tung'oe mlango mzima wa lori ndipo tushushe mashine."

Alivaa ile kamba shingoni. Ilikuwa fupi kwake, akaivuta mpaka ikapita masikio. Nikapanda mbele, nikabanana na Vanishi na afisa wa manispaa, na Patasi akagonga bodi ya lori kwa ngumi kwamba twende.